Nani Atamzika Mama

Rwabisika, Muleba
5 Agosti 2024

Kaka Elieza,

Milembe waitu. Natumaini wewe na masikio yako mnaendelea kuvumiliana. Nimeacha kukupigia simu kwa sababu mara ya mwisho nilikwambia Mama ana homa, ukanijibu kwamba hata huko Kitendaguro mvua imekataa kunyesha. Hata hivyo simu yenyewe imezima. Pale dukani tunapochaji hawaipokei tena, na sababu yake ndiyo iliyonishikisha kalamu. Barua hii anakuletea Bashiri, yule mwenye pikapu anayekuja kununua ndizi. Yeye ni mtu wa mjini, ugomvi wetu haumhusu.

Nianze na Mama. Amepungua sana. Ukimshika mkono unashika mfupa. Uji anakunywa nusu kikombe, kisha anasema ameshiba, kama mgeni anayeona haya. Daktari wa zahanati alimpima, akanitazama, akasema bibi amechoka. Hilo nilikuwa nalijua kabla yake.

La pili ni hili. Unamkumbuka Anwari, fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele kwa Mutembei? Mwezi uliopita kahawa ya Mutembei iliyoanikwa ilipotea kwenye turubai. Asubuhi vijana wa zamu wa umoja wetu wa mlimani wakasema mwizi ni Anwari, wakamtoa chumbani, wakamlaza barabarani, wakampiga mpaka mkono wa kulia ukavunjika. Mimi nilikuwa natoka kisimani. Niliona nani alimshika na nani alipiga. Nikatua ndoo, nikapiga mayowe hadi wakamwacha, na Bashiri akamkimbiza hospitali. Polisi walipouliza nani aliona, watu wote wa Rwabisika walikuwa shambani. Nikasema mimi niliona. Nikaandika maelezo, nikatia sahihi.

Sheria ya umoja unaijua kuliko mimi. Neno la mlimani linaishia mlimani. Anayelishusha polisi amejitoa mwenyewe, na aliyejitoa hasalimiwi, hasaidiwi, hazikwi. Jumamosi walikaa kikao, na Gozbert mwenyekiti akatangaza uamuzi akiwa amesimama, bila kunitazama usoni. Nyumba yetu imetengwa. Na nyumba yenyewe, Kaka, ni mimi na Mama.

Sasa nakuuliza wewe uliyesoma: nani atamzika Mama?

Mdogo wako,
Evodia

*

Kitendaguro, Bukoba
12 Agosti 2024

Mdogo wangu Evodia,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili ilinibidi niivulie miwani kwa hasira. Wewe tangu utotoni ukiona mzinga wa nyuki lazima uubishie hodi.

Poleni kwa hali ya Mama. Nitakuja mgongo ukinipa ruhusa. Kwa sasa daktari amenikataza gari lolote la kurukaruka, na gari la kuja huko lisilorukaruka halijatengenezwa.

Kuhusu umoja, nisikilize. Nimezeeka nikifundisha Uraia. Niliwaeleza watoto bunge ni nini, mahakama ni nini, polisi ni nani. Halafu nikija likizo Rwabisika naona kitu ambacho hakimo kitabuni. Mlima mzima hauna polisi, hauna hakimu, hauna mahabusu. Mtendaji mnamwona uchaguzi ukikaribia. Lakini mjane analimiwa, mgonjwa anabebwa, na mpaka wa kibanja ukisogezwa wazee wanaurudisha kabla jua halijazama. Nani anayafanya hayo? Watu wanaohitajiana. Niliwahi kuwaambia walimu wenzangu kwamba serikali ni fimbo ya watu wasiojuana; wanaojuana wanatosha kuchungana wenyewe. Walinicheka, lakini hakuna aliyenijibu. Bado naamini hivyo.

Kumpiga Anwari walikosea, sikatai. Ila kosa la vijana wachache si kosa la umoja. Ungeanza kwa Gozbert. Nimechunga naye ng'ombe, namjua, ni mtu wa haki. Nenda kwake, kaa chini, sema neno la unyonge, mambo yaishe. Mama amewazika watu wa mlima huo tangu wewe hujazaliwa. Ana haki ya kuzikwa nao.

Kaka yako,
Elieza

*

Rwabisika
25 Agosti 2024

Kaka,

Asante kwa kipindi cha Uraia. Ila umesahau kwamba mlima huu ulikuwa na Mkama kwenye kiti chake cha enzi, na Mkama alikuwa na watu wake wa kuchapa watu. Bibi alitusimulia. Hawa wa sasa wameondoa kiti tu, fimbo wamebaki nayo.

Kwa Gozbert nilikwenda kabla hujaniambia. Nilipobisha hodi nikasikia vikombe ndani, kisha vikanyamaza. Nikasimama uani hadi kuku wakanizoea. Nikarudi.

Kutengwa hakuna kelele, Kaka. Hakuna aliyenigusa. Kisimani wanawake wananipisha wote, kwa hiyo ndoo yangu inajaa upesi, na hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona. Kanisani benchi zima ni langu. Mwinjilisti aliniombea kwa jina mbele ya watu, ibada ilipokwisha akanipita mlangoni bila salamu. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Sasa mbuzi wa jirani akilia nafurahi kwamba kuna kitu kinanisemesha. Nimechoka, tena uchovu ambao nikilala naamka nao.

Mama hajui. Alipouliza mbona hakuna anayepiga hodi, nikamwambia watu wako msibani, mbali. Akauliza ni msiba gani huo usiokwisha, na kwa nini mimi sijapeleka ndizi. Sasa kila akiuliza namzulia marehemu mwingine. Nimeshaua karibu ukoo mzima wa watu wa Kamachumu ambao hata siwajui.

Na kahawa imejulikana ilikokwenda. Mtoto wa Mutembei mwenyewe ndiye aliyeiuza. Umoja ukamtoza rubisi, wakainywa pamoja naye, ikaisha. Anwari hakuna aliyemtumia hata pole. Ni mtu wa kuja, hakuingizwa kwenye umoja, kwa hiyo hakuna kikao kinachoweza kumwomba radhi. Ndipo nilipoelewa. Huo ulinzi unaousifia ni wa aliye ndani ya ua. Aliye nje ya ua hana kitu ila hiyo serikali unayoicheka, na nayo ilinitaka nitafute usafiri mwenyewe nikaandike maelezo.

Kesi itasikilizwa tarehe 26 Septemba. Shahidi ni mimi peke yangu. Nisipokwenda, imekufa. Nikienda, sijui Mama atabebwa na nani. Nalala na hayo mawili, naamka nayo.

Evodia

*

Kitendaguro, Bukoba
3 Septemba 2024

Kwa Ta Gozbert, Mwenyekiti,
Rwabisika

Milembe, ndugu yangu. Sisi ni wazee sasa, tusizungushane.

Mama yetu anaondoka. Unajua ni mama wa nani. Mvua ilipotukuta malishoni hukukimbilia kwenu, ulikimbilia kwake, akakuvua shati akalikausha motoni pamoja na langu. Siwezi kukubali mtu huyo azikwe kama mbwa aliyegongwa.

Dada yangu ana moyo wa haraka. Lakini mkubwa wa nyumba ni mimi, na kwa desturi yetu mkubwa anaisemea nyumba. Basi naisemea: tumekosa. Neno tunalirudisha mlimani. Evodia hatasimama mahakamani.

Bashiri atakukabidhi na kifurushi. Ni akamwani, kahawa ya kutafuna, nimeichemsha na majani yake na kuianika mwenyewe kama tulivyofundishwa. Ukiitafuna yamekwisha kati ya nyumba yetu na ninyi. Usipoitafuna, irudishe, sitakulaumu. Mimi mwenzako sikuitafuna, maana meno niliyobaki nayo ni ya kutabasamia tu, lakini moyo wangu umo humo.

Evodia sijamwambia. Ana kiburi cha marehemu baba, atakataa kwa raha ya kukataa. Akianza kusalimiwa atalainika mwenyewe.

Wako,
Elieza

*

Rwabisika
9 Septemba 2024

Ta Elieza,

Salamu zimefika, na kifurushi kimefika. Nilikaa nacho mapajani jioni nzima, mke wangu Adventina akaniuliza kama nimepewa mtoto nilee. Jumapili nikakipeleka kikaoni, nikatafuna mbele yao. Wengine hawakutaka kuweka mdomoni. Walisema: wewe umetafuna, neno ni lako, sisi tunakufuata. Salamu zimefunguliwa. Siku ya Mama ikifika, mlima wote utakuwa uani kwenu.

Kwa kuwa Evodia ananiona muuaji, nikueleze jambo. Wewe ulikuwa mjini. Kabla ya umoja, mwizi akikamatwa hapa alichomwa moto. Nimemwona mmoja kwa macho yangu. Polisi walikuta majivu, wakauliza majina, kila mtu alikuwa shambani, wakaondoka. Ni sisi tuliokaa tukasema asichomwe mtu tena: atapigwa, atatozwa, atatengwa, lakini ataishi. Tukakataza na kwenda polisi, kwa sababu kila aliyekwenda alirudi na kisasi, na kisasi kilirudi na kiberiti.

Mkono wa yule fundi unaniuma. Lakini zamani angekuwa maiti. Sijui kama hiyo inaitwa haki, ndugu yangu. Najua tu kwamba nimechoka kuishikilia, na nikilegeza mkono kidogo nanusa mafuta ya taa. Unauliza moyoni kwa nini tunatenga nyumba badala ya mtu. Mchuma janga hula na wa kwao. Ukimtenga mtu peke yake hajali. Ukimtengea mama yake, anafikiri.

Nakuomba moja. Umenipa neno la nyumba, nami nimelibeba mbele ya watu. Usiniache nalo.

Gozbert

*

Kitendaguro
10 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Nimekwenda Rwamishenye kumwona Anwari. Amehamia kwa dada yake, Nasma, nyuma ya maduka. Mkono umeunga vibaya. Kidole gumba hakikutani na wenzake, kwa hiyo uzi hawezi kuutia tundu la sindano. Nasma ndiye anayemtilia, kisha yeye anashona taratibu, nguo inakwenda upande. Alinikaribisha chai. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mambo mengi, nikanywa chai tu. Aliponisindikiza aliuliza kama tarehe 26 utakuwepo. Nilijifanya sikusikia. Kuwa kiziwi kuna nafuu zake.

Mambo hapo yatatulia, usijitese. Pumzika, mlee Mama.

Elieza

*

Rwabisika
20 Septemba 2024

Kaka yangu,

Leo nakuandikia nikiwa nimecheka. Nimesalimiwa! Adventina wa Gozbert alinianza njiani, "Ma Evodia, umeamkaje?" Nilishtuka hadi nikamjibu jioni njema, na ilikuwa asubuhi. Kesho yake wanawake watatu walikuja na kuni na mkungu wa ndizi, wakakaa na Mama. Mama akawagombeza kwa kukaa msibani muda wote huo. Wakanitazama, nikawakonyeza, wakampa pole ya wafu wangu wote. Siku hiyo alimaliza uji wake na kuomba tena.

Nimefikiri sana. Hakuna aliyewalazimisha. Wamekaa na nafsi zao wakaona aibu. Sasa nasema hivi, Kaka, na usijivune: labda ulikuwa na haki kidogo. Labda watu wakiachwa wanarudi wenyewe. Na kama wamerudi huku wakijua kwamba kesi ipo, basi wamenikubali pamoja na kesi yangu. Hilo ndilo limenipa nguvu. Alhamisi nateremka mahakamani kifua mbele.

Simu wamekubali kuichaji. Lakini usinipigie, tutagombana bure.

Evodia

*

Rwabisika
30 Septemba 2024

Elieza,

Alisimama. Aliongea. Aliwataja wote, aliyeshika na aliyepiga, na hakimu akaandika. Mutembei alikuwepo ukumbini, akaja kutuambia.

Bashiri ameniambia alikuletea barua yake ya kukuaga. Ulijua anakwenda, na simu yake ilikuwa hewani. Neno moja tu lingetosha.

Jana kikao kimenivua uenyekiti, amekaa Mutembei. Nyumba yenu imefungwa tena, na safari hii wameongeza: atakayevuka mpaka wa kibanja chenu kusaidia, na yeye amejitoa. Vijana wanasema tulidanganywa kama watoto. Ni kweli. Nilipofika nyumbani ndipo ilinijia kwamba katika kahawa ile yote, aliyetafuna ni mimi peke yangu.

Gozbert

*

Rwabisika
21 Oktoba 2024

Kaka Elieza,

Ulipofika kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Ulilia, ukala, ukalala, ukaondoka, na hukuuliza nani alilichimba. Nami sikukuambia, kwa sababu kukueleza wewe jambo ni kupiga kelele, na hapa kelele zina masikio mengi. Nakueleza sasa.

Mama alikufa alfajiri. Mara hii ya pili watu walipoacha kuja hakuuliza kitu. Siku zote hizo hakuuliza msiba uko wapi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nilimwosha mwenyewe. Bashiri alikuwa amepakia ndizi, akazishusha, akaenda Muleba kuleta sanduku. Kukungojea sikuweza, nyumba haikuwa na mtu wa kukesha na maiti, na wewe ulikuwa hupatikani. Nikachukua jembe nikaanza kuchimba kando ya baba. Udongo wa juu ulikubali, wa chini ukakataa. Nilikuwa nimefika magotini nilipomwona Gozbert anatokea kwenye migomba, jembe begani, amevaa lile koti lake la kanisani. Nikamuuliza, huwaogopi? Akasema, "Mimi nimetafuna kahawa ya nyumba hii. Aliyetafuna hakai kwake." Nikadhani uzee umempanda kichwani. Kahawa gani? Ndipo akanieleza, akiwa ndani ya shimo, na jembe mkononi.

Kumbe sikusalimiwa mimi. Uliyesalimiwa ni wewe.

Tulimaliza kuchimba. Mama alibebwa na Gozbert na Bashiri mbele, mimi nyuma. Mwinjilisti alikuja mpaka barabarani, akasimama ng'ambo ya mpaka wa kibanja, akasoma ibada kwa sauti ya juu kama anayehutubia shamba la mahindi. Sikumchukia. Na yeye ana mama yake.

Sasa nikuambie lililo moyoni, maana nikilimeza nitaugua. Umoja ulininyima salamu. Wewe umeninyima mdomo. Umoja angalau ulikaa kikao, ukatamka mbele yangu, nikajua adui yangu ni nani. Wewe uliniuza kwa upendo, ukaniacha nicheke barabarani kama mjinga. Ungeniandikia tu "Evodia, chagua." Huenda ningechagua Mama. Sijui. Sitajua kamwe, kwa sababu hukuniuliza.

Kesi imeahirishwa hadi Desemba.

Evodia

*

Kitendaguro
28 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Sina la kujitetea, na unanijua, nisingekosa maneno kama yangekuwepo.

Niliogopa. Kila nilipofumba macho nilimwona Mama amelala ndani na uani hakuna mtu. Barua yako ya tarehe 20 ilinikuta nimekaa. Niliishika simu, nikaandika "usiende", nikafuta. Nikaandika tena. Nilijua ukiuliza kwa nini, nitalazimika kukuambia. Nikajidanganya kwamba ukifika utaahirishiwa, kama ilivyo kawaida yao.

Nimefundisha miaka yote hiyo kwamba mtu ana haki zake mbele ya serikali. Kisha nikaanza kusema kwamba watu wanaopendana hawaihitaji serikali. Sikuwahi kumfundisha mtoto yeyote kwamba mtu ana haki zake mbele ya kaka yake. Sura hiyo sikuiona popote, na sidhani kama ningeielewa.

Nimekwenda kwa Anwari. Nikamwambia ulikwenda, ukasema yote. Aliniomba koti langu, kumbe mfuko ulikuwa umechanika, akaushona. Ulikwenda upande. Nalivaa hivyo hivyo.

Niombee radhi kwa Gozbert. Hapana, nimekosea tena. Nitamwomba mwenyewe.

Elieza

*

Rwabisika
18 Novemba 2024

Kaka,

Barua yako kwa Gozbert imefika. Aliisoma, akaikunja, akasema una mwandiko mzuri.

Ujue kwamba wamemtenga. Sasa tumekuwa nyumba mbili. Adventina anakuja kwangu kuomba moto, mimi naenda kwake kuomba chumvi, tunasalimiana kwa sauti kubwa barabarani makusudi ili wasikie. Tumecheka mara moja au mbili. Kisimani sasa zinajaa upesi ndoo mbili.

Lakini jana, Jumapili, watu wakiwa kanisani, walikuja kukata kahawa ya Gozbert. Si kuchuma, kukata, kwa panga, chini kabisa. Ile miti ambayo baba yake aliipanda. Kanisani siendi siku hizi, nilikuwa kwenye migomba nikipogoa, na kati ya shamba langu na lake ni ule mstari wa miti ya mpaka, mirumba tu. Nilimwona kila mmoja. Ni wale wale wa mkono wa Anwari, na mmoja mpya. Hawakuwa na hasira hata kidogo, walikuwa wanafanya kama kazi ya zamu.

Gozbert alikuja alasiri. Nilimkaribisha ndani, akakataa, akakaa mlangoni pale Mama alipopenda kukaa. Kisha akasema, "Kanuni ile ya kutokwenda polisi niliitunga mimi. Sasa sijui mtu anaanzia dirisha gani." Mzee mzima, Kaka, ananiuliza mimi. Nikamwambia unaanzia mezani, pale mlangoni, unasema jina lako. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniuliza kama niliona.

Nikuambie kweli. Nilitaka kusema nilikuwa shambani. Neno lilikuwa mdomoni tayari, na lingekuwa kweli, nilikuwa shambani. Kwa mara ya kwanza niliwaelewa wote wale ambao hawakuona. Si wabaya. Wamechoka tu, kama mimi. Mama ameshazikwa, sina tena wa kutengewa, na bado niliogopa.

Nimemwambia niliona. Kesho asubuhi nateremka naye kituoni.

Usimwandikie mtu.

Evodia